Diski ya Pili ya Mama Kwizera

Josiane Nimpaye, ambaye kijiji kizima cha Keza kinamwita Mama Kwizera, ana kompyuta yenye umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kwanza. Si ile ya kukunja na kutia kwenye mkoba. Sanduku lake ni zito kama debe la maharage, kioo chake kimetuna nyuma kama kichuguu, na meza iliyokuwa ikiibeba zamani ilipinda hadi mumewe, Jean Paul, akatengeneza nyingine ya mbao nene. Watoto walipokuwa wadogo walikatazwa kuigusa. Wageni waliuliza kama ni televisheni. Yeye mwenyewe aliiwasha mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, akaiacha ingurume kwa saa moja, kisha akaizima na kuifunika kitenge. Akiulizwa sababu, alisema chombo kisichotumika hufa.

Aliipata hivi. Mwaka 1995 alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kumpeleka mbele, na alikuwa nyumbani akilima na wazazi wake, watu waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakakaa. Kambi ya Benaco ilikuwa imejaa Wanyarwanda, na shirika moja la misaada lilitafuta msichana wa kuchemsha chai na kufagia ofisi. Akapata kazi hiyo. Ndani ya ofisi kulikuwa na kompyuta hiyo, mashine ya kuchorea ramani, na mbele yake alikaa mkimbizi mmoja aitwaye Ndizeye, mtu wa makamo, mkimya, ambaye kwao alikuwa mchora ramani. Josiane alimpelekea chai, akawa anabaki amesimama nyuma yake hadi chai inapoa. Siku moja Ndizeye akamwuliza kwa Kinyarwanda kama anataka kutazama au anataka kujifunza. Akamjibu kwa Kirundi kwamba anataka kujifunza. Lugha zao ni ndugu, hawakuhitaji mkalimani. Ndizeye akamsogezea kiti.

Baada ya miezi sita Josiane alikuwa anachora. Ndizeye alikuwa na sharti moja tu: usichore mahali ambapo mguu wako haujafika. Kwa hiyo shirika lilipoamua kuvitengenezea maji vijiji vilivyopokea wakimbizi, na Keza ikiwemo, Josiane alipanda mlima na kushuka pamoja na Ndizeye na fundi wa bomba, Renatus, mtu wa hapo hapo Keza. Walianza kwenye chemchemi, wakaja kwenye tenki, wakafuata mtaro wa bomba kilomita tatu hadi vitongoji vya chini. Jioni Ndizeye alisoma vipimo kutoka kwenye daftari na Josiane akaviingiza kwenye mashine.

Desemba ya mwaka 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na Ndizeye akaondoka katika msafara ule wa watu kwa miguu. Miaka mitatu baadaye shirika lilifunga ofisi. Siku ya kugawa viti na makabati, Josiane aliulizwa anataka nini. Akasema anataka mashine. Wenzake walicheka, maana kulikuwa na jiko la gesi.

Maisha yakaenda. Aliolewa, akazaa Kwizera na wadogo zake wawili, akalima migomba na kahawa, akawa mtu wa kuandikia watu barua na kujaza fomu. Alipochaguliwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji hakuna aliyeshangaa. Ramani ya bomba ilikuwa ukutani katika ofisi ya kijiji, imefunikwa nailoni, na aliyeichora alikuwa yeye.

Mwaka 2023, kiangazi kilipokaza, vituo vitatu vya maji vya vitongoji vya chini vilikauka. Havikukauka kwa siku moja. Maji yalipungua miaka kadhaa, yakawa yanatoka asubuhi tu, kisha yakawa matone, kisha hakuna. Mtaalamu wa maji alikuja kutoka wilayani, akasimama mbele ya ile ramani kwa muda mrefu. Akasema bomba la mteremko linahitaji chemba za kutolea matope mabondeni, kila chemba na vali yake, ili mara moja moja lifunguliwe lijisafishe. Bomba hili, kwa mujibu wa ramani, halina hata moja. Limejaa matope. Ama lichimbuliwe lote, ama litandikwe jipya, na la kutandika jipya lingesubiri foleni ya vijiji vingine.

Maneno hayo yaliamsha jambo la zamani. Maji yalipoanza kupungua mara ya kwanza, yapata mwaka 2004, Mzee Renatus alisema wazi kwamba alijenga chemba tano. Watu wakamwambia awaonyeshe. Lakini bonde lilikuwa limelimwa, mipaka imehamishwa, migomba imepandwa pale palipokuwa nyasi. Alichimba mahali pawili asikute kitu. Wakaenda kutazama ramani, ramani haina chemba. Basi ikaaminika kwamba shirika lilimpa vali tano naye akaziuza. Hakushtakiwa popote. Kijiji tu hakikumpa tena kazi ya ujenzi, na watoto wakampachika jina la Vali Tano, wakakua nalo, wakawarithisha wadogo zao.

Katika mkutano wa kamati mwenyekiti, Matiasi, alilirudia jambo lile. Alisema kama si tamaa ya mtu mmoja, leo akina mama wasingekuwa wanashuka mtoni. Josiane aliandika maneno hayo kwenye muhtasari kama yalivyosemwa. Hata yeye aliamini hivyo. Aliiamini ramani kwa sababu aliichora mwenyewe.

Kilichomsumbua ni swali dogo la yule mtaalamu wakati anaondoka. Aliuliza kama mchoro wa awali, ule wenye vipimo vyote, bado upo mahali fulani. Josiane akamjibu kwamba uko nyumbani kwake.

Jioni ile aliivua mashine kitenge, ingawa haikuwa Pasaka wala Krismasi. Akaiwasha. Ndani ya sanduku kulisikika sauti ya kukwaruza, kama jiwe linalosaga karanga, kisha kimya. Akaizima, akangoja, akaiwasha tena. Mara ya tatu ikaamka, lakini ule mkwaruzo haukukoma. Ilikuwa ni diski, ile sahani ya chuma ambamo kazi zote za mashine zimehifadhiwa. Alilikuta faili la bomba la Keza, akaamuru lifunguke. Mashine ikafikiri, ikajibu kwamba haiwezi, hakuna nafasi kwenye diski. Ili kufungua mchoro mkubwa ilihitaji mahali pa kuandikia kazi yake ya muda, na diski ilikuwa imejaa tangu siku za Benaco.

Jean Paul alishauri afute vitu visivyo na maana. Josiane alisema hajui kipi hakina maana, na zaidi ya hapo, diski inayolia namna ile haifai kuandikwa wala kufutwa. Inafaa kusomwa mara moja na kuachwa ipumzike. Alichohitaji ni diski ya pili, ya aina ile ile ya kale, ikae pembeni ya ile ya kwanza ndani ya sanduku moja. Jean Paul akafikiri, kisha akasema kama kuna mahali kitu hicho kipo, ni Biharamulo, kwa binti wa marehemu Amri.

Alhamisi Josiane alipanda pikipiki hadi Benaco, na kutoka hapo akapata mchomoko, gari dogo la abiria, wa Biharamulo, akakaa mbele na mwanamke aliyepakata kuku. Amri alikuwa mfanyabiashara, ukoo wake ulitoka pwani kupitia Tabora zamani za Wajerumani. Kambi zilipofungwa alinunua vitu vya ofisi ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka: redio za upepo, betri, mashine za chapa, masanduku ya nyaya. Mkewe alilalamika hadi akachoka. Binti yao Fathiya ndiye aliyevipa maana. Alisomea ufundi wa umeme, sasa alikuwa na duka karibu na stendi, akitengeneza redio, printa na mashine za kutoa nakala, na wateja walimjia hata kutoka Nyamigogo.

Alimwamkia mgeni wake shikamoo, akasikiliza, akatazama kwenye simu picha alizopiga Josiane za mgongo wa mashine na za kibandiko chake. Akaingia stoo. Alirudi na boksi la sabuni lenye diski tatu, kila moja nene kama tofali la kuchoma, zimefungwa kwenye magazeti.

"Hizi baba alizinunua pamoja na makabati," alisema. "Sijui ipi nzima. Sina mashine ya kuzijaribia."

Josiane akasema basi atarudi kesho yake na sanduku, atalifunga kwenye blanketi.

"Mama, usilibebe," Fathiya alimwambia. "Diski imeshaanza kulia, na barabara ya Keza naijua. Ukiipakia kwenye pikipiki utafika hapa na chuma kitupu. Mimi nitakuja na hizi. Ijumaa nina swala na wateja, Jumamosi nitakuwa kwako mapema."

Akaja kweli, Jumamosi saa tatu, vumbi hadi kwenye kope, boksi la sabuni mapajani. Jean Paul aliwapisha chumba, akaenda shambani. Fathiya alichomoa nyaya, akafungua skrubu nne, akainua mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu, na nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo pembeni ya feni. Waliibandua kwa kijiko. Diski ya zamani ilikaa chini, imeandikwa 1994. Juu yake palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa ule ule, na waya bapa uliotoka kwenye diski ulikuwa na mdomo mwingine ambao haukuwahi kushika kitu. Josiane alisema miaka yote hakujua kwamba mashine ilikuwa na chumba cha mgeni.

Diski ya kwanza ya Amri haikuzunguka kabisa. Ya pili ilizunguka ikigonga kama mtu anayepiga hodi, wakaitoa haraka. Ya tatu ilianza kwa mluzi mwembamba, ukatulia ukawa mvumo. Fathiya akaikaza kwa skrubu mbili, akawasha. Kwa kawaida mashine ikiamka huorodhesha inachokiona ndani yake. Safari hii haikuona chochote. Si mgeni, wala mwenyeji.

Josiane akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Tumeiua," alisema.

"Bado," Fathiya akajibu.

Akaichomoa ile ya tatu, akawasha tena. Diski ya zamani ikarudi, ikikwaruza. Akairudisha ya tatu, zote zikapotea. Kwa hiyo kila moja peke yake ilikuwa sawa, shida ilikuwa zikikaa pamoja. Fathiya aliitoa ile ya tatu, akaigeuza tumbo juu, akaisogeza dirishani. Upande mmoja ulikuwa na safu ya pini ndogo, na baadhi zilivalishwa vikofia vya plastiki vyembamba kama punje ya ulezi. Akainama atazame ya zamani bila kuitoa. Vikofia vyake vilikuwa kwenye pini zile zile.

"Zina namba moja," alisema. "Diski za zama hizi hupewa namba kwa mkono. Ni kama watahiniwa wawili wamekuja na namba moja ya mtihani, msimamizi hampi yeyote karatasi."

Josiane alimletea sindano ya kushonea. Fathiya aling'oa kikofia kimoja, kikaruka chini ya kitanda. Wakakitafuta kwa tochi ya simu wakiwa wamepiga magoti wote wawili, na hapo ndipo walipocheka kwa mara ya kwanza. Kikapatikana, kikavalishwa pini ya jirani. Mashine ikawashwa. Diski mbili, moja chini ya nyingine, zikaandikwa kwenye kioo.

Ile mpya ilibidi ipangwe upya kabla ya kuandikwa, kama shamba linalotifuliwa. Maagizo ya kazi hiyo Josiane alikuwa nayo kwenye daftari aliloandika akisomewa na Ndizeye, nusu Kifaransa nusu Kiingereza, kwa mwandiko wa msichana anayeandika kwa kukimbia. Aliamuru, ikaanza kazi iliyochukua karibu saa mbili. Walikula ndizi na dagaa, chakula kisicho na swali kwa mgeni Mwislamu. Fathiya alizungumza juu ya baba yake, jinsi alivyokuwa akikataa kutupa hata msumari uliopinda. Umeme haukukatika.

Saa nane wakaanza kunakili. Walianza na folda ya maji, kwa sababu hawakujua diski ya zamani ingevumilia kiasi gani. Faili moja, kisha jingine. Mahali pengine mkwaruzo uliongezeka na mashine ikasita, wao nao wakasita. Kati ya michoro kumi na minne, mmoja ulikataa kabisa, wa kijiji kingine. Wa Keza ulivuka.

Josiane akaufungua kutoka kwenye diski ya pili. Safari hii nafasi ilikuwepo. Ulikuja polepole, mstari kwa mstari: mlima, chemchemi, tenki, bomba la buluu likishuka. Ulikuwa sawasawa na ule wa ofisini. Akashusha pumzi, hakujua kama ni ya nafuu au ya kukata tamaa. Ndipo akakumbuka kufungua orodha ya matabaka. Mchoro ule ulitengenezwa kwa matabaka, kama karatasi za nailoni zilizolazwa moja juu ya nyingine, milima yake, barabara yake, bomba lake, na kila tabaka unaweza kulificha au kulionyesha. Yote yalikuwa yanaonekana isipokuwa moja. Lilikuwa na jina la Kifaransa ambalo Ndizeye alilitumia kwa kutoa uchafu.

Akaliwasha. Vijumba vitano vyekundu vikatokea juu ya bomba, kila kimoja bondeni, kila kimoja na umbali wake kutoka tenki.

Fathiya alipiga makofi kwa furaha. Kisha akamwona mwenzake hafurahi.

Josiane alikuwa amekumbuka. Ilikuwa Desemba ile, Ndizeye ameshaenda kufunga mizigo, barabara imejaa watu. Mkuu wa ofisi alitaka nakala tatu za ramani ya Keza kabla ya saa kumi, zikabidhiwe kijiji. Mashine ya kuchapia ya siku zile ilichora kwa kalamu halisi, kila rangi na kalamu yake, na kalamu nyekundu ilikuwa imekauka. Kila ikifika kwenye nyekundu ilisimama na kukataa kuendelea. Kwa hiyo akalificha tabaka jekundu, akachapa, akazipeleka. Alijiambia kwamba kalamu mpya ikifika kutoka Mwanza atachapa tena. Kalamu haikufika, na yeye akasahau, kalamu na vijumba vyote vitano, katika michoro mingi ya siku zile. Hakusahau baada ya kujua umuhimu wake. Alisahau kama mtu anavyosahau kufunga dirisha.

Alimweleza Fathiya yote, pamoja na habari ya Renatus na lile jina lake. Wakati anaeleza aliona pia njia nyingine. Angeweza kusema mashine ndiyo iliyoficha. Nani Keza angebisha?

Fathiya aliuliza kitu kimoja tu. "Huyo mzee yu hai?"

"Yu hai."

"Basi," akasema, akaanza kukaza skrubu za mfuniko.

Kwa kuwa hakukuwa na mashine ya kuchapa, Josiane alipiga picha kioo, kisha akachora ramani upya kwa mkono kwenye karatasi kubwa, na vipimo vyote vitano. Jumapili baada ya ibada Jean Paul alitaka kumsindikiza kwa Mzee Renatus. Akamwomba abaki.

Alimkuta mzee anageuza kahawa kwenye mkeka, peke yake. Mkewe, Rozina, alifariki miaka sita nyuma. Josiane alimwamkia, mzee akaitikia marahaba na kumwonyesha kigoda. Hakukaa. Alikunjua karatasi, akaiweka mapajani kwa mzee.

"Zile chemba zipo, mzee. Zote tano. Zilikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyezificha."

Akaeleza habari ya kalamu, ya haraka ya siku ile, ya kusahau. Renatus alikuwa anafuata bomba kwa kidole, kutoka tenki kushuka, akisimama kwenye kila kijumba.

"Hii ya tatu niliijenga mara mbili," alisema hatimaye. "Ya kwanza ilibebwa na mvua." Kidole kikabaki pale. "Umewaambia?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Mzee akaikunja karatasi vizuri, kwa mikunjo yake ile ile.

"Rozina alikufa akiitwa mke wa Vali Tano," alisema. Hakupandisha sauti. "Nikikuambia leo kwamba nimekusamehe nitakuwa nakudanganya. Lakini mkutanoni nitakuja."

Mkutano ulifanyika Jumanne, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Josiane alisimama, akasema bila kuzunguka. Alisema Mzee Renatus alijenga alichosema alijenga, ramani ya ukutani ilipungua, na aliyeipunguza ni yeye. Kisha akainuka Clarisse, mama wa kitongoji cha chini kabisa.

"Mimi nimebeba ndoo kutoka mtoni tangu mwanangu yuko mgongoni," alisema, "na sasa mwanangu ana mtoto. Na wewe jibu ulikuwa nalo chumbani, umelifunika kitenge."

"Ni kweli," Josiane alisema.

Aliomba kuacha ukatibu, na hawakumbembeleza. Waliukubali ombi lake, wakamchagua Clarisse. Renatus alikuwa amekaa nyuma na fimbo yake, hakuomba kusema. Matiasi, ambaye kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyelisema jambo lile kwa sauti kubwa kuliko wote, alitazama chini, akasema kesho asubuhi kila kaya ilete jembe.

Walianza kwenye tenki na futikamba. Josiane alisoma vipimo, Renatus akasema mahali bomba lilipopinda kukwepa mwamba. Mita mia nne na kumi na mbili ziliwafikisha kwenye migomba ya mama mmoja aitwaye Nice, naye akakubali mashina mawili yang'olewe. Matiasi aliingia shimoni wa kwanza. Kina cha mkono mmoja, jembe likagonga zege.

Walipoinua mfuniko vali ilikuwepo, imeshikwa na kutu. Matiasi aliomba nyundo. Renatus akakataa, akasema ikipigwa itavunjika shingo. Imwagiwe oili chafu ya pikipiki, iachwe ilale. Kesho yake alishuka mwenyewe, wakimshika mikono, akaizungusha kwa spana ndefu, robo nyuma, robo mbele, kwa uvumilivu, hadi ikaachia. Yalitoka matope mazito ya rangi ya uji wa ulezi, yakatoka na mizizi na vipande vya mawe, kwa muda mrefu sana. Watu walisimama wanatazama matope kama wanatazama harusi. Kisha yakawa mepesi, kisha yakawa maji.

Ndani ya wiki mbili walifungua chemba nne. Ya tano iko chini ya barabara iliyopanuliwa, nayo inasubiri ruhusa. Vituo viwili kati ya vile vitatu vinatoa maji asubuhi na jioni. Cha tatu, kilicho karibu na kwa Clarisse, kinatoa kidogo, ndoo moja kwa dakika kumi. Clarisse anasema ndoo kwa dakika kumi si mbaya, lakini huandika kila wiki barua ya kuuliza juu ya barabara.

Oktoba diski ya zamani ilikoma. Iliwashwa, ikagonga mara tatu, basi. Kila kilichokuwa kimenakiliwa siku ile ya Fathiya kilibaki kwenye ya pili, na Josiane akaendelea kuchora humo. Alipita bomba lote tena kwa miguu, akarekebisha migomba, nyumba na mipaka iliyobadilika. Watu walimzoea akipita na daftari. Wengine walimsalimia kama zamani, wengine kwa ufupi, naye hakudai zaidi ya hapo.

Kuhusu Mzee Renatus, watoto waliacha lile jina baada ya Matiasi kulikataza shuleni na kanisani, ingawa mara moja moja linamponyoka mtu. Hajawahi kumwambia Josiane kwamba amesamehe. Lakini mwezi wa pili mwaka huu alifika kwake mchana mmoja, mara ya kwanza maishani, akaomba kuiona hiyo mashine. Alisimama mbele ya kioo akauliza vile vijumba viko wapi, akaonyeshwa. Akatazama, akasema kuna kitu kimepungua.

Josiane alishtuka, akauliza ni nini.

"Waliochimba," mzee alisema. "Mtaro wa kilomita tatu haukuchimbwa na mimi peke yangu. Wengine wamekufa, wengine walirudi Burundi. Andika."

Akaanza kuwataja, kitongoji kwa kitongoji, na Josiane akawaandika pembeni ya bomba, kila mtu kwenye kipande alichochimba. Walifika jina la kumi na mbili. La kumi na tatu hakulikumbuka. Alikumbuka mtu mwenyewe, mrefu, wa mkono wa kushoto, mpenda nyimbo. Akasema atauliza kwa dada wa mtu huyo, atarudi nalo, akainuka, akaaga.